Kimiminika si Kiowevu

Sura ya hali za maada huanza vizuri, kisha hujikwaa kwenye jina la pili: yabisi, kiowevu, gesi. Huandikwa hivyo kana kwamba mjadala umekwisha. Haujaisha.

Dhana yenyewe haina ugomvi. Yabisi hushika umbo lake. Kitu cha pili hufuata umbo la chombo, ila ujazo wake haubadiliki. Gesi huenea ikajaza chombo chote. Ugomvi ni wa majina.

Kiowevu ni ndugu wa owa na lowa. Nguo iliyonyeshewa imelowa, kwa hiyo jina hili linabeba maana ya umajimaji na kulowesha. Sasa zebaki iitwe nini? Haigandi mpaka joto lishuke kufikia nyuzi 39 za Selsiasi chini ya sifuri. Tone lake likidondoshwa juu ya kioo safi halitandi: hujikusanya likawa kama gololi, na likisukumwa huondoka pasipo kuacha unyevu. Ndani ya mrija mwembamba wa kioo uso wa maji hubonyea katikati, wa zebaki hutuna. Zebaki hailoweshi kioo, lakini inamiminika.

Kimiminika, kwa upande wake, kimeundwa kwa sheria za lugha yenyewe. Mimina huzaa miminika, kama soma inavyozaa someka na vunja ikazaa vunjika; ki- ya mbele hulifanya jina la kitu. Yabisi ilitoka Kiarabu ikiwa na maana ya ukavu, maana inayosikika hadi leo katika baridi yabisi. Gesi ni neno alilolibuni Jan Baptist van Helmont katika karne ya 17, akiongozwa na neno la Kigiriki khaos. Kati ya majina haya matatu, ni kimiminika pekee kinachojieleza kwa Mswahili bila mkalimani.

Wapinzani hudai kwamba hata mchanga humiminwa. Na waumimine, wakiwa na mchanga mkavu, juu ya sakafu. Utasimama kichuguu chenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 35 hivi, kwa kuwa kila punje ni yabisi yenye umbo lake na punje zinazuiana kwa msuguano. Maji hayajawahi kusimama kichuguu. Hoja hii imejibiwa mara nyingi, na inachosha kuiona ikirudishwa kama mpya.

Kosa kubwa zaidi ni kukiita kiowevu kila kinachotiririka, gesi ikiwemo. Ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia, propani na butani zimebanwa kwa shinikizo hadi zikawa kimiminika. Zikivuja hutoka zikiwa gesi nzito kuliko hewa, zikatambaa sakafuni na kutuama mabondeni. Huko nako ni kutiririka, ila hakuna kinacholowa. Jina linalojumuisha kimiminika na gesi lipo tayari: giligili.

Kwa matumizi, wingi ni vimiminika, ngeli ya KI-VI.

Wahariri wa vitabu vya sayansi wanaombwa wakiondoe kiowevu katika sura hiyo toleo lijalo, waandike kimiminika, na giligili ipewe aya yake.