Kutoka Lord Nelson hadi Scourge: Skuna ya Biashara Iliyotekwa katika Ziwa Ontario, 1811–1813

Utangulizi

Makala hii inajadili historia ya skuna Lord Nelson, chombo cha biashara kilichokamatwa katika Ziwa Ontario mwaka 1812 na kuingizwa katika jeshi la majini la Marekani kwa jina la Scourge. Hoja yetu ni kwamba chombo kilichotekwa huweza kupewa jina jipya na bendera mpya kwa siku moja, ilhali umbo lake na haki ya mwenyewe hubaki vilevile. Mambo yote mawili yalipuuzwa katika tukio hili, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Kukamatwa kabla ya vita

Lord Nelson iliundwa Niagara, upande wa Kanada, mwaka 1811, kwa ajili ya James na William Crooks, ndugu wawili wafanyabiashara. Tarehe 5 Juni 1812 manowari Oneida, chini ya Luteni Melancthon Woolsey, iliikamata kwa tuhuma za kukiuka marufuku ya biashara iliyowekwa na Marekani. Vita dhidi ya Uingereza vilitangazwa tarehe 18 Juni, siku 13 baadaye. Hivyo basi, siku ilipokamatwa, skuna hiyo ilikuwa mali ya raia wa nchi jirani katika wakati wa amani. Vita vilipoanza, suala la uhalali liliwekwa kando, na chombo kikaandaliwa kwa mapigano katika kituo cha Sackets Harbor.

Chombo cha shehena chageuzwa manowari

Maporomoko ya Mto St. Lawrence yalizuia manowari za baharini kupanda hadi ziwani. Kila upande ulilazimika kuunda meli mpya papo hapo au kutumia vyombo vya wafanyabiashara vilivyokuwapo. Diana, skuna nyingine ya biashara, ilinunuliwa na kuitwa Hamilton.

Skuna za namna hii ziliundwa ili uzito wa shehena ukae chini, ndani ya ngama. Vita viligeuza mpangilio huo: mizinga iliwekwa juu ya sitaha na kuta za pembeni zikainuliwa ili kuwakinga wapiganaji. Ned Myers, baharia wa Scourge ambaye masimulizi yake yalichapishwa na James Fenimore Cooper mwaka 1843, alieleza kuwa mabaharia wenyewe walikuwa wakisema chombo hicho kingekuja kuwa jeneza lao. Hatari ilijulikana, lakini haja ya mizinga ilipewa uzito zaidi.

Mwaka 1813 Scourge ilishiriki mashambulizi ya York mwezi Aprili na ya Fort George tarehe 27 Mei. Ngome hiyo ya pili ilikuwa Niagara. Skuna ilirudi kwa mizinga mahali ilipoundwa.

Usiku wa tarehe 8 Agosti 1813

Mapema Agosti kikosi cha Isaac Chauncey kilikuwa kikikabiliana na kile cha James Yeo wa Uingereza. Upepo ulikuwa umetulia, na mabaharia wa Scourge walilala kando ya mizinga yao, tayari kwa vita. Usiku wa manane dhoruba ya ghafla iliilaza skuna ubavu. Vitu vizito vya sitahani viliporomoka upande uliokuwa umeinama, na chombo kikazama. Hamilton nayo ilizama usiku huohuo. Watu zaidi ya 50 walifariki bila adui kufyatua hata risasi moja. Mabaki ya skuna zote mbili yaligunduliwa katika miaka ya 1970, yakiwa yamesimama wima kwenye kina cha takriban mita 90.

Deni lililobaki

Mwaka 1817 mahakama ya Marekani iliamua kuwa ukamataji haukuwa halali. Hata hivyo, familia ya Crooks haikulipwa, kwa kuwa fedha za mauzo ya chombo zilikuwa zimefujwa na karani wa mahakama. Ni mwaka 1914 ambapo baraza la usuluhishi kati ya Uingereza na Marekani liliamuru walipwe dola 5,000 pamoja na riba.

Hitimisho

Ukanda wetu una mfano unaokaribiana na huu. Tarehe 26 Desemba 1915, katika Ziwa Tanganyika, Waingereza waliiteka Kingani ya Wajerumani na kuiita Fifi. Wiki chache baadaye ilitumika kuizamisha Hedwig von Wissmann. Tofauti ni kwamba Kingani ilitekwa vitani, kutoka kwa adui.

Kwa nchi zinazogawana maziwa, historia ya Lord Nelson inadai mambo mawili. Kwanza, uhalali wa kukamata chombo cha jirani uamuliwe mapema, na mali ya mwenyewe ilindwe hadi uamuzi utolewe. Pili, chombo chochote kinachobadilishiwa kazi kikaguliwe upya uthabiti wake kabla ya kupakia watu. Waliolala kando ya mizinga usiku ule hawakuwa na nafasi ya kuukataa uamuzi wa wakubwa wao.