Daktari Alisema. Sawa, Lakini Nani Alipima?

Hebu niwaulize. Mtoto amefika hospitali na homa kali, mikono baridi, amelegea. Utataka afanyiwe nini? Wengi wetu tutasema awekewe dripu, tena haraka. Hata miongozo ya madaktari ilisema hivyo miaka mingi. Na ukifikiria, inaingia akilini: damu haizunguki vizuri, ongeza maji, izunguke.

Shida ni kwamba hakukuwa na jaribio kubwa lililopima hilo kwa watoto wa Afrika.

Mwaka 2009 utafiti wa FEAST ukaanza katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa yale ya kawaida ya polepole tu. Januari 2011 ikabidi wausimamishe kabla ya wakati. Ndani ya saa 48, kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kati ya 10 na 11 walikufa. Kwa wale wa polepole, 7. Yaani ile kitu kila mtu alidhani inaokoa ilikuwa inaua.

Sasa hapa ndipo kupima ushahidi kunaingia. Tangu 2000 kuna kundi la watafiti lililotengeneza mfumo unaoitwa GRADE. Ushahidi unapangwa kwa ngazi nne: juu, wastani, chini, na chini sana. Jaribio la bahati nasibu linaanzia juu, halafu linashushwa likiwa na kasoro: wagonjwa wachache, matokeo yanayopingana, ama lilifanyiwa watu wasiofanana na unaowatibu. Sifa za profesa peke yake hazina ngazi hapo. Na si eti WHO walikuwa wanafanya hivi tangu zamani. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha mapendekezo yao mengi yalitegemea zaidi maoni ya wataalamu.

Hata baada ya FEAST, mwongozo mpya wa WHO ulikuja 2016. Miaka mitano! Hiyo ndiyo inaniuma. Ushahidi ulitoka kwa watoto wetu, lakini kuuamini kukachukua muda hivyo.

Tafadhali msininukuu vibaya. Mtoto anayeharisha na kuishiwa maji anahitaji maji. Watoto kama hao hawakuwa kwenye FEAST. Usiende kung'oa dripu ya mtu.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kubishana na daktari. Lakini swali halihitaji digrii: "Daktari, hii tunajuaje inasaidia?" Uliza kwa heshima. Daktari mzuri hatakasirika, na wale wanaoandika miongozo wanafaa kujiuliza hilo kabla yetu.