Tusingoje Januari: Majilio na Malezi ya Mazoea Mema

Waamini wengi huweka maazimio ya mwaka mpya katika saa za mwisho za tarehe 31 Desemba, baina ya Misa ya mkesha na kelele za fataki. Ahadi zenyewe tunazifahamu: kuacha pombe, kusali pamoja na familia, kulipa madeni, kuzuia hasira, kupunguza muda wa kukaa na simu. Januari inapofika ukingoni, ada za shule zikiwa zimelipwa au zingali zinadaiwa, nyingi kati ya ahadi hizo zimekwisha kusahauliwa. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka waamini, maana nasi mapadre tumo katika hesabu hiyo. Tunataka kueleza kwamba Kanisa lina mwanzo wake wa mwaka, unaoutangulia ule wa kalenda kwa mwezi mmoja hivi, na kwamba mwanzo huo wafaa zaidi kwa kazi ya kubadili mazoea.

Mwaka wa Kanisa waanza lini

Mwaka wa Kiliturujia hufungwa na juma la 34 la Kipindi cha Kawaida, linaloanza kwa Sherehe ya Kristo Mfalme. Jumamosi ya juma hilo, jioni, Kanisa husali Masifu ya Jioni ya Kwanza ya Dominika ya Kwanza ya Majilio, na hapo mwaka mpya umeanza, bila fataki. Dominika hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Kwa hiyo haitangulii 27 Novemba wala haivuki 3 Desemba. Tangu siku hiyo hadi 1 Januari kuna siku zisizopungua 29 wala kuzidi 35. Masomo ya Dominika nayo huingia mzunguko mpya: Mathayo kwa mwaka A, Marko kwa mwaka B, Luka kwa mwaka C.

Majilio yana sehemu mbili, jambo ambalo waamini wetu hulisahau kwa sababu mawazo yote yamekwenda kwenye Noeli. Hadi tarehe 16 Desemba, liturujia husisitiza hasa kuja kwa Kristo katika utukufu, na wito wake ni kukesha. Tangu tarehe 17 hadi 24 ndipo tunapojiandaa kwa karibu kuadhimisha kuzaliwa kwake Betlehemu. Kwa hiyo majuma ya kwanza hayahusu mapambo wala kapu la sikukuu. Yanamwuliza mwamini Bwana atamkuta katika hali gani.

Wakristo wa zamani walilichukua swali hilo kwa uzito. Katika karne ya 5, Perpetuus, Askofu wa Tours katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliagiza waamini wafunge siku tatu kila juma tangu Sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Kuhusu siku ya kwanza ya Januari, wachungaji wa kale waliiona kuwa siku ya hatari zaidi kuliko ya matumaini. Mtakatifu Agostino aliwahubiria waamini wake kwamba wapagani wanapopeana zawadi za mwaka mpya, wao watoe sadaka kwa maskini, na wengine wanapolewa, wao wafunge. Sinodi iliyofanyika Tours mwaka 567 iliagiza litania zisaliwe katika siku hizo za mwanzo wa Januari. Anayejaribu leo kuzaliwa upya saa sita usiku, katikati ya ngoma na chupa, ana mashahidi wa kale kwamba mahali hapo ni pagumu.

Mnyororo wa mazoea

Lakini ugumu hasa hauko katika tarehe. Uko katika neno “nitaanza”. Katika kitabu cha nane cha Maungamo, Agostino anasimulia jinsi alivyojua la kufanya na bado akaahirisha. Alifanana na mtu aliyekwisha kuamshwa, anayekubali kwamba ni wakati wa kuamka, kisha akaomba dakika chache zaidi. Hata usafi wa moyo aliuomba huku akitamani asipewe upesi. Anaeleza pia namna alivyofungwa: utashi uliopotoka ulizaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa kama lazima. Uamuzi aliufikia katika bustani huko Milano mwaka 386, na katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 Mtakatifu Ambrosi akambatiza.

Tunaona hapo jambo lenye uzito kwa yeyote anayesema mwezi wa Novemba, “nitaacha Januari.” Muda huo wa kungoja si mtupu. Kila siku anayoyatumikia mazoea yake anaongeza pete moja katika mnyororo. Na Desemba kwetu si mwezi mwepesi: vikundi vya kuweka na kukopa hugawana akiba, ndugu husafiri kurudi nyumbani, harusi na ubarikio hufuatana, na aliyekusudia kuacha pombe mwezi ujao hujiruhusu kunywa zaidi mwezi huu, kwa kuwa eti anaaga. Fedha ambayo ingelipa ada huishia mezani. Wanaoteseka kwa uamuzi huo ni mke, mume na watoto, ambao hawakuulizwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tabia njema katika tamaa zetu haijengwi kwa tendo moja. Hujengwa kwa matendo mengi yanayorudiwa, na hudhoofika matendo hayo yakikoma. Azimio, hata likitamkwa kwa machozi, ni tendo moja.

Tena ana fundisho jingine ambalo tungependa kila mwamini alisikie. Anasema kwamba mtu aliyepokea fadhila zinazomiminwa na Mungu pamoja na neema anaweza bado kuona ugumu katika kuzitenda, kwa sababu ya maelekeo yaliyobaki kutokana na matendo yake ya zamani. Wapo waliokata tamaa kwa kutolijua hili. Mtu ameungama vizuri, ameondolewa dhambi kweli, kisha baada ya siku nne hamu ile ile inamrudia, naye anahitimisha kwamba kitubio chake hakikuwa cha kweli au kwamba Mungu amemwacha. Sivyo. Amesamehewa kikamilifu, na mazoea bado yana mizizi. Hali hizo mbili zaweza kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Neema haikuja kufuta kazi ya kung’oa mizizi, imekuja kuiwezesha. Ndiyo maana tunashauri Sakramenti ya Upatanisho ipokewe mwanzoni mwa Majilio, wala isisubiri foleni ndefu ya tarehe 23 na 24 Desemba. Anayeungama mapema anabakiwa na majuma matatu au zaidi ya kupambana akiwa na nguvu za sakramenti, na akianguka anaweza kurudi kabla ya Noeli.

Jambo moja, daftari moja

Mtakatifu Inyasi wa Loyola ameacha katika Mazoezi ya Kiroho njia inayofaa sana hapa, nayo haihitaji zaidi ya daftari na kalamu. Huitwa utafiti maalumu wa dhamiri. Mtu huchagua kilema kimoja tu. Asubuhi anapoamka anakusudia kujilinda nacho. Baada ya chakula cha mchana anajichunguza saa kwa saa tangu alipoamka, na kutia nukta kwenye mstari kwa kila mara aliyoanguka. Baada ya chakula cha jioni anafanya vivyo hivyo kwenye mstari wa pili. Kisha analinganisha mstari wa kwanza na wa pili, leo na jana, juma hili na lililopita. Kila anapoanguka katikati ya siku huweka mkono kifuani na kujutia. Tendo hilo laweza kufanyika hata mbele ya watu bila wao kutambua.

Tukazie neno “kimoja”. Orodha ya maazimio kumi ni njia ya heshima ya kutofanya hata moja. Aliyezoea kufoka nyumbani ahesabu kufoka tu, wala asichanganye na sigara na uvivu wa kusali. Kwa zoea jema njia ni hiyo hiyo, ila nukta huwekwa kwa siku iliyotimizwa. Familia isiyosali pamoja isianze na Rozari nzima. Ianze na Baba Yetu, Salamu Maria na nia moja inayotajwa na mtoto, mara baada ya vyombo vya chakula cha jioni kuondolewa, simu zikiwa zimewekwa chumba kingine. Baba au mama akichelewa kazini, waliopo wasali. Zoea linalosubiri wote wawepo halidumu juma moja. Na wanajumuiya wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaokutana kwa Novena ya Noeli wanaweza kuulizana tu kama daftari bado liko wazi, bila kutaka kujua kilichoandikwa ndani.

Siku kadhaa zitapita bila nukta kutiwa. Atakayeacha siku tatu aendelee na ya nne, asirudi ukurasa wa kwanza wala asisubiri Jumatatu.

Tarehe 1 Januari Kanisa huadhimisha Sherehe ya Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968, kwa agizo la Papa Paulo VI, siku hiyo ni pia Siku ya Kuombea Amani Duniani. Kwa aliyeanza na Dominika ya Kwanza ya Majilio, hiyo ni siku ya thelathini na kitu ya zoezi lake. Atakwenda Misa, atakula na jamaa zake, na baada ya chakula atafungua daftari na kuhesabu kama alivyofanya jana.