Maduka na Nyumba za Chakula Kando ya Ziwa Nyasa

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwachukua hata ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Kyela. Hatutawaonyesha majumba ya wafalme wala makaburi ya mashujaa. Tutaingia dukani kununua chumvi, kisha tutaketi katika nyumba ya chakula na kuagiza wali na samaki. Pengine mtauliza, Je, duka nalo lina historia? Naam, linayo. Atakayetusikiliza mpaka mwisho ataona kwamba mlango wa duka dogo umegusa maisha ya watu wa huko mahali panapouma, yaani katika nguo zao, katika chungu chao na katika hiari yao.

Mtu aendaye Kyela hushuka kutoka Tukuyu. Huko juu ni baridi, na mashamba ya chai yamefunika vilima. Huku chini ni tambarare yenye joto na mvua nyingi, nchi ya mpunga, migomba na kakao. Na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka huku. Mbele liko ziwa, na upande wa mashariki milima ya Livingstone yainuka ghafula kutoka majini kama ukuta. Wenyeji wa tambarare ni Wanyakyusa. Chini ya milima, katika vijiji vilivyobanwa kati ya jabali na maji, wako Wakisi. Na juu ya milima wako Wakinga.

Zamani, kabla ya duka lo lote kujengwa, watu hawa walikuwa na biashara yao. Wakinga waliyeyusha chuma na kufua majembe, wakayaleta kwa Wanyakyusa na kupata chakula. Wanawake wa Kisi walifinyanga vyungu, na vyungu hivyo vikachukuliwa kwa mitumbwi kando ya ziwa. Biashara ya vyungu haijafa. Hata leo Wakisi hufinyanga, na katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, vyungu hupangwa mchangani siku ya Jumamosi, na wanunuzi huvigonga kwa kidole wasikie mlio, kwa kuwa chungu chenye ufa hakilii vizuri. Basi msidhani ya kuwa watu wa ziwa walifundishwa biashara na wageni. Walichofundishwa ni duka, yaani nyumba ambayo bidhaa zake hukaa zikimngoja mnunuzi, na fedha ya kununulia.

Kadhalika walikuwa na sheria yao ya kula. Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo wataalamu wa mila wameistaajabia sana, nayo ni vijiji vya marika. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake pembeni ya kijiji. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, walakini hakuna aliyekwenda peke yake. Leo kundi zima hula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtaalamu Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi hiyo kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari hizo kwa makini. Walieleza pia neno moja la Kinyakyusa, "ukwangala," maana yake kufurahi pamoja na wenzako kwa kula, kunywa na kuzungumza. Kwa Wanyakyusa jambo hili halikuwa mchezo tu, bali shule, kwa kuwa waliamini kwamba akili na adabu mtu huzipata katika mazungumzo ya wenzake. Neno hili tulishike, maana tutalihitaji tutakapofika mezani.

Sasa tuone jinsi duka lilivyokuja. Mwaka 1875 stima Ilala ilianza kutembea ziwani, nayo ilikuwa ya wamisionari wa Livingstonia. Mwaka 1878 watu wa Glasgow waliunda kampani ya biashara, iliyojulikana baadaye kwa jina la African Lakes Company. Wakubwa wake huku walikuwa ndugu wawili, John na Frederick Moir. John alivaa miwani iliyometameta, watu wakampa jina la Mandala, na jina hilo likashika kampani nzima. Katika miaka ya 1880 kampani iliweka kituo chake Karonga, kusini ya mto Songwe, katika nchi ya Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Ghalani mwake mlikuwa na nguo, shanga na waya wa shaba, na kitu kilichotakiwa zaidi kwa malipo kilikuwa pembe za ndovu.

Hapo twaona ubaya ulioweza kufuatana na duka. Pembe haziji zenyewe. Ni lazima ziletwe, na walioleta nyingi walikuwa wafanya biashara walionunua na kuuza watumwa pia. Mkubwa wao pale Karonga alikuwa Mlozi. Mwezi wa Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde karibu na maji ya Kambwe. Wengi waliokimbilia kwenye matete waliuawa humo, na wengine wakakimbia kaskazini, wakavuka Songwe kuja kwa ndugu zao. Vita vya kampani na Mlozi viliendelea mpaka mwaka 1889, na Mlozi mwenyewe hakushikwa na kunyongwa hata Desemba 1895. Hivyo duka la kwanza kubwa katika sehemu hizi lilikuwa jirani wa bunduki. Nguo ilikuwa njema, lakini njia iliyoileta pembe ya kuinunulia haikuwa njema.

Upande wetu wa Songwe, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika mwaka 1891, na serikali ya Kidachi ikawafuata. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kodi ya nyumba. Jambo hili lilibadilisha biashara kuliko stima yo yote. Zamani mtu alifanya biashara alipotaka. Sasa ilimpasa kutafuta fedha, apende asipende. Ilimbidi ajue hesabu ya rupia moja, iliyokuwa pesa 64, kisha kuanzia mwaka 1904 akajifunza upya kwamba rupia ni heller 100. Baada ya Vita Kuu ilikuja serikali ya Kiingereza, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya senti 100. Mzee mmoja aliweza kuhesabu kwa namna tatu katika maisha yake, na kila mara fedha ilipobadilika, asiyejua kusoma ndiye aliyeweza kupunjwa. Ndiyo maana wazee husema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena vita yenyewe ilionyesha jinsi watu walivyokuwa wamekwisha kuzoea vitu vya mbali. Tarehe 13 Agosti 1914 stima ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia stima ya Kidachi Hermann von Wissmann pale Liuli, ambako ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Habari husema kwamba nahodha wa Kidachi alikuwa hajapata habari ya kuwa vita imeanza. Jambo hili huchekesha, lakini kwa watu wa ziwa lilikuwa na uchungu wake, kwa kuwa maji yaliyoleta nguo na chumvi yakawa maji ya vita.

Baada ya vita nchi ilitulia. Vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kutafuta kazi, na mpunga wa tambarare ukawa zao la kuuzwa, kama vile kahawa ilivyokuwa zao la vilimani. Fedha ikaingia nyumbani kwa jasho la shamba, na mwenye duka akawa mtu anayejulikana kwa jina na kwa tabia. Pamoja na duka ikaja nyumba ya chakula, ambayo watu wetu huiita hoteli, hata ikiwa na meza mbili na paa la nyasi. Msafiri aliyengoja stima, mchukuzi wa mpunga, karani aliye mbali na mkewe, wote walihitaji kula. Hawakuwa na mama katika kijiji kile, basi wakamlipa mama wa mtu mwingine.

Sasa tufike katika mwaka ambao wazee wengi hawakuusahau, yaani 1976. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitaka biashara iwe mikononi mwa umma, ili mwananchi asinyonywe. Nia hiyo haikuzuka bure, kwa maana wenye maduka wadanganyifu walikuwapo, wenye mizani iliyoegemea upande mmoja. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa, na maduka ya ushirika wa kijiji yashike mahali pake. Kufunga mlango ni kazi ya siku moja, bali kufungua duka jipya huhitaji fedha, gari, ghala na mtu ajuaye hesabu. Katika vijiji vingi nchini mlango wa kwanza ulifungwa, na wa pili ulikuwa haujafunguka. Haukupita muda mrefu serikali yenyewe ikaagiza maduka yasifungwe ovyo kabla mengine hayajawa tayari.

Kisha ikaja vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979, na baada yake upungufu mkubwa katika nchi nzima. Sabuni ikawa kitu cha kupanga foleni, sukari ikagawiwa kwa kipimo, na neno magendo likawa neno la kila siku, hasa mipakani. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walisakwa, na mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe. Rafu zikaanza kujaa tena. Walakini aliyewahi kutembea nusu ya siku kutafuta chumvi, akarudi na kikapu kitupu, hawezi tena kulidharau duka la jirani yake.

Basi, ndugu zetu, baada ya kuyajua hayo, na tuingie dukani leo. Duka la mji mdogo wa Kyela au la Ipinda si kubwa. Kuna mafuta ya kula yanayopimwa kwa kikombe, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, kiberiti, chumvi, madaftari ya shule, na khanga zilizotundikwa juu. Asiye na fedha ya kununua chupa nzima hununua kiasi cha mboga ya jioni moja, wala haoni haya. Hapa mtu haanzi kwa kutaja bei. Huanza kwa salamu, "Ugonile," na mwenye duka huitikia, akauliza habari za mama aliyekuwa mgonjwa na za mpunga uliozama katika mafuriko. Chini ya meza lipo daftari la wakopaji. Daftari hilo ni jambo zito, kwa maana kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini limewavusha wengi katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, kwa sababu mwenye duka anawajua.

Tukitoka hapo twende kwa mama ntilie. Jina hili limetoka katika maneno ya mlaji, "Mama, nitilie," na lilienea katika miaka ile ya shida, wanawake walipoanza kupika kando ya njia ili nyumba zao zisife njaa. Wali wa Kyela hutangaza habari zake kwa harufu kabla hujaketi. Kuna usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, waliokaangwa wakavunjika mdomoni. Kuna mbasa katika mchuzi. Kuna ndizi na maharage. Benchi ni moja, na mchuuzi wa kakao, mwalimu, utingo wa basi na mvuvi huketi bega kwa bega. Maji ya kunawa yakipita, kila mmoja humshikia mwenziwe kopo. Kabla sahani hazijaisha, wageni wanne wamekwisha kujua habari za njia, bei ya mpunga na msiba wa kijiji jirani.

Mnakumbuka lile neno tulilosema tulishike? Vijiji vya marika vimekwisha, wala hakuna tena kundi la wavulana liendalo kula kwa mama wa kila mmoja kwa zamu. Lakini mtu akiketi katika benchi lile ataona kwamba "ukwangala" haikufa. Imehamia mahali pengine, na sasa hata mgeni asiye wa rika wala wa kabila hukaribishwa ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo twasema kwamba uzuri wa duka dogo na wa nyumba ya chakula haumo katika bidhaa tu. Kulikuwa na bidhaa ghalani Karonga, na watu wakafa katika matete. Kulikuwa na bidhaa wakati wa kodi, na watu wakanunua kwa hofu. Uzuri umo katika hiari: mnunuzi huingia kwa mapenzi yake, hupimiwa kwa haki, na hutoka akiwa na jina lake. Uzuri huo hulindwa na watu wawili. Mwenye duka asipoharibu mizani, na mnunuzi asipolikimbia daftari, mlango utabaki wazi.

Nanyi mtakapopita Kyela, msinunue mkiwa mmesimama mlangoni na kuondoka. Ingieni, salimuni, ketini, mle. Na mkishiba, mwambieni mama aliyewapikia, "Ndaga," ndiyo ahsante ya huko. Kwaherini.