Kati ya Zeze na Fidla

Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikifika Dumila hutoa tawi la kwenda Kilosa. Mabasi hupunguza mwendo na wachuuzi huyakimbilia na mazao yao. Anayeendelea mbele hupita Gairo na kuingia Ugogo, nchi ya zeze. Anayerudi nyuma hupita Morogoro na Chalinze mpaka baharini, na ng'ambo ya maji iko Unguja, nchi ya fidla. Ala zote mbili hupigwa kwa upinde, na zote zimesikika mbali nje ya Tanzania. Lakini hapa katikati, tangu miaka ya 1940, anayetamba ni gitaa.

Kwa nini upinde ulistawi kwenye ncha mbili za njia na kupungukiwa nguvu katikati? Jibu halimo ndani ya ala zenyewe. Limo katika watu waliozizunguka: nani alizinunua au kuzichonga, nani alifundisha, na nani aliwalisha wapigaji.

Masimulizi ya taarabu ya Unguja huanza na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Husemwa kuwa alileta wanamuziki wa Misri wamburudishe, kisha akampeleka Mzanzibari, Muhammad Ibrahim, akajifunze kupiga ala ya kanuni huko Cairo. Muziki ulioanzia kwa Sultani haukukaa huko. Mwaka 1905 ilianzishwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kipo hadi leo, na ala zake ziliagizwa Misri. Mwaka 1958 ikafuata Culture Musical Club.

Klabu ndiyo iliyokuwa shule. Mgeni hakuanza kwa kusoma noti. Alikaa karibu na wazoefu jioni baada ya jioni, akaufuata wimbo kwa sikio mpaka vidole vikaujua. Mchana watu hao walikuwa na shughuli nyingine, wengine maofisini, wengine madukani. Fidla ilikuwa kazi ya usiku, na harusi ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Mpigaji alijifunza kupangilia nguvu zake mpaka saa za alfajiri, kumsikiliza mwimbaji kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, na kurudia kiitikio kila watunzaji wanapojipanga kwenda mbele.

Sikio hilo lilikuwa na sababu ya kiufundi. Mwanafunzi wa kitabu cha Ulaya hufunga nyuzi zake sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzifunga sol, re, sol, re, ili uzi mmoja usindikizwe na mvumo wa mwenzake. Tena makamu za muziki huo, yaani ngazi zake za sauti, kama rasti na bayati, zina sauti zinazokaa kati ya funguo mbili za piano. Kinanda na kodiani haziwezi kuzitoa. Fidla inaweza, kwa sababu shingo yake haina freti, na kwa sababu hiyo hiyo humuumbua upesi mpigaji ambaye kidole chake kimetangulia sikio.

Muziki huo ulivuka bahari. Dar es Salaam ilipata Egyptian Musical Club na Al-Watan, vikundi vilivyofuata mtindo wa Misri kama majina yao yanavyoonyesha. Tanga ilichagua njia nyingine: miaka ya 1960 Black Star na Lucky Star walijenga taarabu yao juu ya magitaa. Safu ya fidla ilihitaji watu wengi, nyuzi za kuagiza, nyumba ya mazoezi na wazee wa kuichangia. Kadiri ulivyoiacha pwani, ndivyo mambo hayo yalivyozidi kuwa adimu.

Upande wa Ugogo, zeze halikuhitaji meli. Kibuyu, mti, nyuzi na upinde vilitosha, na aliyelipiga mara nyingi ndiye aliyelitengeneza. Shule ilikuwa ukoo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, alikulia katika muziki huo wa zeze na ilimba, ala ya vidole gumba. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, serikali ilianza kutafuta wasanii wa vijijini, na Hukwe akaitwa Dar es Salaam. Baadaye maskani yake yakawa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Alirekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza na kuzunguka dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Katika vikundi vya ukoo huo wanawake walizoea kuimba nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wake, walitoa albamu ya Maisha wakiwa mbele wenyewe.

Na katikati? Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yakakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, watu waliokuwa na mishahara lakini wasio na ukoo mmoja wala klabu ya miaka hamsini. Waliowafaa ni wanamuziki wachache wenye ala za kubebeka. Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Salum Abdallah, aliyependa santuri za Kuba hata akataka kupanda meli kuifuata nchi yenyewe, alianzisha bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba. Mbaraka Mwinshehe akafuata, na mwaka 1970 akalipiga gitaa la Morogoro kwenye maonyesho ya Osaka, Japani.

Hata hivyo misitu ya eneo hili imekuwa ikienda kwenye okestra muda wote. Klarineti na oboe za Ulaya hutengenezwa zaidi kwa mpingo, mti unaoota katika miombo ya Morogoro, Lindi na kwingineko, mzito kiasi cha kuzama majini, na unaochukua miongo kadhaa kabla ya kufaa kukatwa. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ulianza kudhibiti jamii nzima ya miti hiyo, na wauzaji wa ala wakajikuta wakidaiwa vibali mipakani. Tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa. Mpigaji fidla mwenye upinde wa zamani bado ajihadhari: pinde nyingi za aina hiyo zina kipande cha pembe ya ndovu nchani, na msamaha huo haukihusu.

Kijana wa Dumila anayetaka kushika upinde leo haanzi mikono mitupu. Kwaya nyingi za makanisa ya Kilosa na Ukaguru husoma nyimbo kwa do, re, mi, na aliyeimba sauti ya nne miaka mitatu ana sikio ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya hulinunua kwa ada. Bagamoyo ile ile ya Hukwe ina chuo chake cha sanaa, leo TaSUBa, na Mji Mkongwe una Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa mwaka 2002, ambako fidla hufundishwa kwa noti na kwa makamu. Uhaba wa ala si kikwazo cha mwisho. Okestra ya kanisa la Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, ilianza kwa kupokezana fidla chache, na uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Baadaye walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Akishaipata fidla, aisafirishe kwa akili. Mbao zake hushikanishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo joto na unyevu huilegeza. Kwenye basi la kutoka Dumila, mahali pake ni mapajani, ndani ya kasha lililofungwa vizuri, wala si kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu.