Mstari wa Nyuma

Wafasiri wa vitabu vya historia hukwama kila wanapokutana na maneno "home front". Wapo wanaoandika "uwanja wa nyumbani", na msomaji anayefuatilia ligi akadhani Simba leo inamkaribisha mtani wake. Wapo wanaochagua "medani ya nyumbani". Hiyo ina heshima zaidi, ila medani kwa Kiswahili ni mahali watu wanapouana. Ukiihamishia nyumbani umepata vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mimi napendekeza "mstari wa nyuma".

Maneno hayo ya Kiingereza yalienea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zamani raia wa Uingereza alizoea kuona vita vinapiganwa ng'ambo, yeye akisubiri habari. Mwaka 1915 ndege-puto za Kijerumani zilianza kudondosha mabomu London. Wanawake waliingia kwa wingi katika viwanda vya risasi na mizinga, na mwaka 1918 sukari na nyama zikawa za mgao. Aliyebaki nyumbani hakuwa tena mtazamaji, na hali yake hiyo ilihitaji jina. Vita vya Pili vilikaza kamba zaidi: mgao ulianza Januari 1940, akina mama wakatoa sufuria zao za alumini eti zikayeyushwe kuundia ndege, na Desemba 1941 ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha wanawake kwa lazima.

Tanganyika iliingizwa katika mstari huo bila kuulizwa. Japani ilipoziteka Malaya, Ufilipino na Java mwaka 1942, Uingereza na wenzake walikosa mpira na nyuzi za kamba walizozoea kuzipata huko. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na mashamba ya mpira yaliyopandwa enzi za Wajerumani yakafufuliwa. Watu walichukuliwa vijijini kwa amri ya serikali ya kikoloni wakafanye kazi mashambani. Mkata mkonge yule hakushika bunduki wala hakuombwa ridhaa yake, na bado istilahi yetu lazima imkute alipo.

Mfano tunaoujua vizuri zaidi, hata hivyo, ni Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Kiwanda cha sukari kiliporwa mitambo, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu ambayo hata mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anayajua: sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin.

Sababu ilikuwa wazi na nia ilikuwepo. Uwezo ndio uliokuwa na maswali. Jeshi lilikuwa na askari wasiofika 40,000, na ndani ya miezi michache, pamoja na mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, idadi ilipita laki moja. Mgambo walikuwa wakifundishwa kwa mkazo tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. (Neno lenyewe lina historia tamu: mgambo kwanza ulikuwa mlio wa baragumu wa kuwaita watu, kabla ya kuwa jina la walioitwa.) Lakini watu hao wote wangefikaje Bukoba kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na shirika la reli la Tanzania lilikuwa bado changa. Isitoshe, reli iliishia Mwanza. Baada ya hapo ni meli ya kuvuka ziwa, au barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua.

Serikali ilitwaa malori na mabasi, ya mashirika ya umma na ya watu binafsi. Lori lililokuwa likibeba pamba au saruji wiki iliyopita sasa lilibeba mgambo, magunia ya unga na masanduku ya risasi. Mwenye lori hakuombwa, aliarifiwa. Aliyebahatika alirudishiwa gari bovu. Mwenzake hakurudishiwa kitu, na mtaji wa maisha ukawa umeishia njiani. Wafanyabiashara hawa huwa hawasimuliwi sana katika hadithi zetu za ushindi, labda kwa sababu siku zile neno "tajiri" lilikuwa karibu sawa na tusi. Bila magurudumu yao jeshi lingechelewa sana kufika mtoni.

Vijijini alipita balozi wa nyumba kumi na daftari la shule. Huyu ametoa debe la mahindi, yule jogoo, wa tatu shilingi tano. Wafugaji walitoa ng'ombe. Wafanyakazi wa mjini walichanga kutoka kwenye mishahara. Yote hayo yaliitwa mchango. Watu walikuwa na hasira ya kweli juu ya Amin, na wengi walitoa kwa moyo mweupe. Lakini balozi akishasimama mlangoni, na majirani wote wameshaandikwa, nani angethubutu kusema leo sina? Hiari na lazima zililala kitanda kimoja, na kuzitenganisha leo ni kazi ngumu.

Ndiyo maana sikubali istilahi hii ifasiriwe kama "michango ya wananchi", ingawa baadhi ya waandishi hufanya hivyo. Michango ni sehemu tu. Mstari wa nyuma ni raia wote na mali zao pale vita vinapowadai kazi, chakula, fedha au vyombo, wawe wametoa wenyewe au wametwaliwa. Kiswahili kimeshaandaa nafasi ya jina hilo. Miaka ileile ya sabini tulikuwa tukisikia kila siku redioni habari za nchi za mstari wa mbele, yaani Tanzania, Zambia, Msumbiji, Angola na Botswana, na mbele daima huwa na nyuma yake. Askari wataniambia kwamba kwao nyuma ni maghala na hospitali za jeshi. Hayo tuyaite kambi za nyuma, mambo yaishe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mfasiri aliweke akilini. Mstari wa nyuma hauvunjwi siku silaha zinaponyamaza. Kampala ilianguka Aprili 1979 na mapigano yakamalizika mapema Juni, lakini wananchi walikuwa wameambiwa wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ilipita na mkanda haukulegea: foleni za sukari na sabuni, magendo, ulanguzi, hadi msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Vita havikuwa sababu pekee, kwani bei ya mafuta na sera zetu wenyewe zilichangia, ila hesabu yake ilikuwa humo.

Askari waliokufa wana makaburi na mnara wao Kaboya, mkoani Kagera. Habari za mstari wa nyuma zimo zaidi katika karatasi za watu binafsi. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku lenye stakabadhi ya mchango wa vita, daftari la balozi au hati ya lori lililotwaliwa, msiliwashie moto sanduku hilo mnapohama nyumba. Pelekeni nakala Nyaraka za Taifa.