Namna ya kuingiza mtumbwi wa tanga majini ukiwa peke yako

Kagerankanda iko mbali na ziwa, lakini wapo watu wa nyanda za juu za Kigoma wanaoshuka kutafuta riziki Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha takribani mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Ukiwa peke yako, kosa dogo ufukweni linaweza kukugharimu maisha.

Soma upepo kwanza

Mchana upepo mara nyingi hutoka ziwani, usiku hugeuka. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huwa mkali. Unaodanganya ni upepo wa kutoka nchi kavu: kuondoka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi. Cheki utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla hujatoka.

Viringisha, usibebe

Tafuta magogo matatu ya mviringo. Inua mbele ya mtumbwi, weka gogo, kisha sukuma. Gogo linalobaki nyuma lihamishie mbele. Funga kamba ndefu mbele na usiiachie, kwa sababu mtumbwi mtupu ukishikwa na upepo humfikii hata kwa kuogelea.

Tanga lisubiri

Simika mlingoti nchi kavu, tanga likiwa limefungwa. Upepo ukitoka ziwani, piga kasia mpaka utoke kwenye mawimbi ya ufukweni, kisha shusha nanga. Usiende mbali sana: sehemu nyingi ziwa hili linashuka ghafla na kamba haitafika chini.

Nanga ikishika, mtumbwi utauelekea upepo wenyewe. Sasa pandisha tanga liache lipepee, vuta nanga, kaa kwenye usukani, ndipo uvute kamba ya tanga taratibu. Ukipandisha huku upepo unapiga ubavuni, tanga litajaa na mtumbwi unaweza kupinduka.

Kamba hiyo ishike mkononi, usiifunge. Upepo ukizidi, iachie tu.

Kabla ya kuondoka

- Vaa jaketi okozi, usilikalie.
- Beba kasia na kopo la kutolea maji.
- Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji.
- Mwambie mtu wa ufukweni unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Ukipinduka, ng'ang'ania mtumbwi. Mbao huelea, na waokoaji huuona mtumbwi haraka kuliko kichwa cha mtu.